Parseli ya Kumi na Nne

Kwa miaka thelathini na moja Godelive aliwaosha wazee wa Wabelgiji. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake mjini Liège: kuwaamsha asubuhi, kuwaogesha, kuwavalisha soksi, kuwakalisha karibu na dirisha, na kungoja pamoja nao watoto ambao mara nyingi hawakuja. Siku alipostaafu, wenzake wa kazi walimkatia keki na kumpa saa ya ukutani. Akarudi nyumbani kwa basi, akavua viatu, akakaa karibu na dirisha lake mwenyewe. Hapo ndipo hofu ilipomwingia.

Alikuwa na miaka sitini na tano. Mumewe alikwisha kufa, na Ornella, binti yake wa pekee, alikuwa na kazi yake na watoto wake huko Brussels. Kwa hiyo aliposikia kwamba watu waliotoka Ituri, mashariki ya Kongo, wangekutana katika ukumbi wa parokia moja kumsikiliza mgeni kutoka nyumbani, alivaa kitenge chake kizuri, akapanda treni, akaenda.

Mgeni mwenyewe aliitwa Didier. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye suti iliyompwaya mabegani na sauti ya mtu anayeamini anachokisema. Ituri ilikuwa imefanywa jimbo mwaka uliotangulia, na yeye alikuwa katibu wa kamati mpya iliyojiita Kamati ya Kurudi. Alieleza kwamba dhahabu ya Ituri huvuka ziwa na kwenda zake, na kinachobaki ni mashimo. Jimbo lilihitaji fedha za kuingia kila mwezi bila mtu kuchimba, na fedha hizo zilikuwa mikononi mwa wana wa Ituri waliozeekea ugenini. Mzee mmoja mwenye pansiyoni ya Ulaya akirudi Bunia, mji mkuu wa jimbo, alisema, atajenga, na fundi matofali atapata kazi. Atakula, na mama wa sokoni atauza. Ataugua, na daktari atakuwa na sababu ya kubaki. Kamati ilikuwa tayari kutoa parseli arobaini, viwanja vya kujengea, bila malipo, kwenye mteremko kati ya Mudzipela na barabara ya Bogoro, kwa yeyote atakayejenga katika miaka miwili.

Wengine waliuliza habari za umeme na za uwanja wa ndege. Godelive alikuwa ameinamia ramani iliyotandazwa mezani, kidole chake kikifuata mstari mwembamba wa buluu wa kijito. Parseli iliyokuwa karibu zaidi na maji ilikuwa ya kumi na nne. Akaandika jina lake hapo.

Ornella hakupendezwa. Alimwuliza mama yake kama anajua tarehe ambayo vita ya Ituri ilikwisha. Godelive alifikiri sana, akaona kwamba hakuna tarehe kama hiyo. Watu walikuwa wameacha tu kupigana, wakitazamana. Lakini tikiti alikwisha kuikata.

*

Ndege ndogo kutoka Entebbe ilivuka Ziwa Albert kabla ya saa sita. Godelive alipoona milima ya buluu ikipanda kutoka majini, na nyuma yake vilima vya nyasi vyenye ng'ombe wadogo kama punje za mtama, alijikuta ameshika mkono wa bwana aliyekaa kando yake, mtu asiyemjua kabisa. Yule bwana alimwacha aushike mpaka wakatua.

Aliondoka Bunia mwaka sabini na tatu, bibi-arusi wa miaka ishirini na miwili. Mji aliokuwa ameubeba kichwani miaka yote hiyo ulikuwa na maduka ya Wagriki yenye milango ya kijani, na malori ya kahawa yaliyoacha harufu barabarani hadi jioni. Ulikuwa na akina mama wa Bogoro waliofika asubuhi na baridi, maziwa yao ndani ya vibuyu vilivyofukizwa moshi, na mtu akinywa maziwa yale alisikia ule moshi kooni siku nzima. Ulikuwa na shule ya ushonaji ya masista, ambako wasichana thelathini walipiga cherehani kwa pamoja, na sauti yake ikawa kama mvua juu ya manjanja, yale mabati ya paa.

Mji alioukuta ulikuwa wa pikipiki. Zilipita huku na huku, vumbi jekundu likazifuata, na juu ya vumbi kulikuwa na mabango ya mashirika na magari meupe ya Umoja wa Mataifa. Maduka ya Wagriki yaliuza simu. Alikodi chumba katika nyumba ya wageni ya masista, akafungua dirisha, akasimama. Kisha mtu fulani uani akawasha makala, yale makaa ya jikoni, harufu ya sombe, majani ya muhogo, ikapanda, na miaka arobaini na mitatu ikamtoka machoni. Alilia kidogo, akanawa uso, akashuka kwenda kula.

Siku ya tatu Didier alikuja kumchukua kwa gari la kamati. Alikuwa mwenye furaha. Wastaafu kumi na wawili walikuwa wamekwisha kufika au kutuma fedha za kujengea, na Lucien, aliyekuwa fundi wa injini za ndege huko Ufaransa, alikuwa amekwisha kuchimba msingi. Njiani Didier alimwonyesha mahali ambapo zahanati ingejengwa na mahali ambapo bomba la maji lingepita. Kila mara alimwita tantini, kama mtu anavyomwita shangazi yake, naye Godelive alipenda kuitwa hivyo.

Waliacha gari juu ya mteremko, wakashuka kwa miguu kati ya vigingi vyenye namba nyekundu. Kwenye kigingi cha kumi na nne hakukuwa na uwanja mtupu kama alivyoutazamia. Kulikuwa na matuta ya viazi, mazuri, yaliyopangwa vizuri, na katikati yake mwanamke mzee alikuwa akilima akiwa amewapa mgongo.

Didier alikunja uso. Alimweleza Godelive kwa sauti ya chini kwamba mama huyo alikuwa ameagizwa kutoka mwisho wa mwezi uliopita. Hana karatasi yoyote, alisema, na ofisi ya ardhi iliandika mahali hapa kuwa pori. Asijali, lingeshughulikiwa.

Godelive alikuwa akitazama jembe. Mwanamke yule alilishika kwa mkono wa kushoto, akilirusha kidogo pembeni kabla ya kulishusha. Kisha akatazama kijito kilichopita chini, kikipinda mbele ya jiwe kubwa jeusi, akapajua. Hakuwa amepatambua mapema kwa sababu mikaratusi yote ilikuwa imekatwa. Lakini kwenye jiwe lile alikuwa amekaa mara nyingi akiwa msichana, akila mahindi ya kuchoma, viatu vyake vya shule vikiwa mkononi. Hili lilikuwa shamba la baba wa Alphonsine, rafiki yake wa ujana.

Mwanamke aliinua kichwa, akawatazama wote wawili, akarudia kulima.

*

Alphonsine alikuwa rafiki yake wa cherehani. Waliketi bega kwa bega kwa miaka mitatu, Godelive akikata kwa mkono wa kuume na Alphonsine kwa wa kushoto, hata masista wakasema kwamba wawili hao ni fundi mmoja. Watu wa kwao Godelive na watu wa kwao Alphonsine walikuwa makabila mawili, na siku hizo jambo hilo lilikuwa na uzito kama wa kusema mmoja ni mrefu na mwingine ni mfupi. Alphonsine ndiye aliyemfundisha baiskeli, kwenye mteremko huu huu. Ndiye aliyeshona pindo la gauni lake la arusi.

Waliandikiana kwa miaka mingi, kisha barua zikapungua kama zinavyopungua barua. Halafu vita ikaja, na yale makabila mawili yakawa ndiyo vita yenyewe. Huko Liège watu wa kwao Godelive walikutana kila siku ya yenga, yaani Jumapili, wakasoma majina ya waliokufa. Majina ya upande mwingine hayakusomwa. Siku moja mgeni nyumbani kwake alikuwa akifungua albamu ya picha, na Godelive alipoona ukurasa wenye wasichana wawili na baiskeli unakaribia, alinyosha mkono akageuza kurasa mbili kwa pamoja. Hakuna aliyeona. Lakini yeye hakusahau kwamba alifanya hivyo.

Kesho yake alichukua pikipiki peke yake, akashuka juu ya mteremko, akaenda mpaka kwenye matuta. Alphonsine alikuwa ameketi kwenye jiwe, akisafisha viazi kwa kisu.

«Alphonsine,» alisema. «Ni miye, Godelive.»

«Nilikujua jana,» Alphonsine alijibu bila kusimama. «Tangu ulishuka mu gari. Unatembea sawa na zamani, sawa mutu anaogopa kuchafua viatu.»

«Mbona haukuniita?»

«Ulikuja na ule kijana wa kamati. Nikasema, acha nione kama ataniita yeye.»

Godelive akaketi kwenye majani, kwa kuwa nafasi kwenye jiwe hakupewa. Kisha Alphonsine akaanza kusema, polepole, kama mtu anayesoma orodha. Walikimbia mwaka elfu mbili na tatu, yeye na mumewe na watoto. Walifika Boga, wakavuka mto Semliki, wakakaa Uganda katika kambi miaka tisa. Mumewe alizikwa huko. Aliporudi, alikuta nyumba ya baba yake imeungua, hata mawe ya msingi yamechukuliwa, na mikaratusi imechomwa makala. Shamba tu ndilo lililobaki, kwa sababu shamba halibebeki. Akalima. Hakuna aliyemwuliza kitu mpaka vijana wa kamati walipofika na vigingi.

«Karatasi ya shamba iliungua na nyumba,» alisema. «Niliwaambia. Wakaniuliza, uko na mushahidi? Bashahidi wangu bote beko mu udongo.»

Godelive alimwambia kwamba alichagua namba kwenye ramani, kwamba hakujua. Alphonsine alikubali kwa kichwa. Alisema anaamini. Kisha akauliza swali moja, bila hasira.

«Weye kule, wakati ya vita, ulikuwa unauliza habari yangu kwa batu?»

«Hapana,» Godelive alisema. «Sikuuliza.»

Alphonsine alimtazama, mara ya kwanza kwa macho yake yote. Akasogea kidogo kwenye jiwe. Haikuwa nafasi kubwa, lakini ilimtosha mtu mmoja, na Godelive akanyanyuka akakaa. Hakukuwa na kukumbatiana. Walipoachana, Alphonsine alimpa viazi vinne ndani ya mfuko wa plastiki, kama ambavyo mtu angempa mgeni yeyote.

*

Didier alimsikiliza Godelive mpaka mwisho. Biro yake, yaani ofisi ya kamati, ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili na ramani ile ile ukutani. Hakumkatiza, wala hakumdharau, na baadaye Godelive alilikumbuka hilo kwa heshima. Godelive alipomaliza, Didier alisema kwamba Alphonsine angeweza kupewa parseli nyingine, mbali kidogo, ng'ambo ya mto Shari. Godelive alimwuliza udongo wa huko ni wa namna gani. Didier hakujua. Godelive akamwuliza tena, kati ya parseli arobaini, ni ngapi zilikuwa na mtu ndani yake vigingi vilipowekwa.

Didier alifuta uso kwa kitambaa. «Kumi na moja,» alisema. «Tantini, nikuambie ukweli. Mu Bunia hakuna uwanja mutu hakulima zamani. Kama tunangoja ile yenye haina historia, hatutajenga hata choo.»

Alisema pia kwamba baba yake alikuwa mwalimu, alikufa akingoja pansiyoni ya serikali ambayo haikufika, na kwamba wazo la kamati lilimjia kando ya kitanda chake. Aliamini kwamba mji wenye wazee wanaolipwa kila mwezi ni mji ambao vijana wake hawatashika bunduki tena. Kama mstaafu mmoja akirudisha parseli mbele ya watu, wote wataogopa. Alimwomba angoje. Mambo yangepangwa kimya kimya.

Godelive alirudi kwa masista akiwa na kichwa kizito. Aliona kwamba Didier alikuwa na haki, na Alphonsine alikuwa na haki, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na karatasi. Kwa wiki mbili hakuamua. Alikwenda sokoni Mudzipela, akanunua mboga ya lenga-lenga na samaki wa Kasenyi, akaongea na wauzaji kwa Kiswahili chake cha zamani, wao wakamcheka kwa mapenzi. Siku nyingine alipita mbele ya mteremko asishuke.

Sherehe ya kuweka mawe ya msingi ilifanyika siku ya posho, yaani Jumamosi. Mahema yalipigwa, kwaya ikaimba, wakubwa wa jimbo wakaketi kwenye viti vya plastiki vyeupe. Godelive ndiye aliyechaguliwa kusema kwa niaba ya wastaafu, kwa sababu alikuwa mwanamke na alitoka mbali. Alikuwa na hotuba ya Kifaransa iliyoandikwa na kamati. Alisimama, akaikunja, akasema kwa Kiswahili.

Hakusema maneno mengi. Alisema amerudi ili azeeke kati ya watu wanaomjua. Alisema parseli aliyopewa ni shamba la mtu anayemjua, na kwamba alikula mahindi ya shamba hilo kabla wengi wa waliokuwepo hawajazaliwa. Kwa hiyo anairudisha. Aliomba kamati iwaulize kwanza wale wengine kumi ambao mashamba yao yana vigingi, halafu ndipo igawe. Akashukuru, akaketi.

Makofi yalikuwa machache. Mkubwa mmoja aliinuka kupokea simu, hakurudi. Lucien, ambaye msingi wake ulikuwa umefika magotini, alimfuata Godelive nyuma ya mahema, akamwambia kwamba amewaharibia wote, kwamba yeye aliuza nyumba yake Ufaransa na hana pa kwenda. Godelive alimwambia kwamba anasikitika, na ilikuwa kweli. Wastaafu wawili walirudi Ulaya mwezi huo huo. Kamati ilisimamishwa.

Na Alphonsine naye hakufurahi. Alimjia kwa masista siku iliyofuata, akiwa amevaa kitenge cha kanisani, akasimama mlangoni.

«Haukuniuliza,» alisema. «Sasa mutaani banasema ni miye niliharibu kazi ya jimbo. Miye niko naishi hapa na hawa batu. Weye unaweza panda ndege.»

«Sitapanda,» Godelive alisema.

«Tutaona,» Alphonsine alisema, akaondoka.

*

Godelive alikodi nyumba ya vyumba viwili Mudzipela, ya matofali mabichi na manjanja, kwa mjane mmoja jina lake Immaculée. Aliajiri fundi akamtengenezea jiko na choo kizuri. Alinunua maziwa kila asubuhi, makala kila wiki, na dawa yake ya presha kwa mfamasia wa njia panda, ambaye alianza kuiagiza Kampala kwa ajili yake, kisha kwa ajili ya wengine. Ornella alipiga simu kila siku ya yenga, akauliza kama kuna milio ya bunduki. Godelive alisema ukweli: mara nyingine ilisikika, mbali, upande wa Djugu, na asubuhi watu walifungua maduka.

Ilipita miezi minne ndipo Didier akamtembelea. Alikuwa amekonda. Wakubwa wa jimbo hawakumfukuza kazi, walimpa daftari na kumwambia azunguke kwenye parseli kumi na moja, akaandike nani alilima nini tangu lini, na majirani wa makabila yote watie sahihi. Kazi hiyo ilikuwa imemfundisha mambo ambayo ramani haikumfundisha, alisema. Parseli ishirini na tisa zingeendelea. Lucien alikuwa akiezeka. Didier alikunywa chai, akatazama nyumba, jiko, ndoo za maziwa, kisha akauliza kama anaweza kumwandika kuwa mstaafu aliyekwisha kuhamia, ingawa hana parseli. Godelive alimruhusu.

Wiki iliyofuata Alphonsine alikuja tena, safari hii akakaa. Alikuwa na barua ya ofisi ya ardhi iliyoandikwa kwa Kifaransa kirefu, naye alitaka mtu wa kumsomea. Godelive alivaa miwani, akasoma, akatafsiri kila mstari. Barua ilimwita Alphonsine aje na shahidi mmoja aliyelijua shamba kabla ya vita.

«Yaya,» Alphonsine alisema, na tangu Godelive arudi ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, dada, «nilifikiri bote balikufa. Sikukuhesabu weye.»

Walikwenda pamoja. Walikaa kwenye benchi la ofisi tangu saa mbili hadi saa saba, miguu ikavimba. Mwandishi alimwuliza Godelive mipaka, naye akaitaja: kijito, jiwe, njia ya ng'ombe, mstari wa mikaratusi kumi na sita ambayo haipo tena. Alijua idadi kwa sababu waliipita kwa baiskeli wakiihesabu kwa sauti. Mwandishi akaandika. Akapiga muhuri karatasi ya muda, akasema ya kudumu itafuata, pengine mwaka ujao, kama Mungu akitupa amani. Alphonsine aliikunja mara nne, akaitia ndani ya kifua cha blauzi.

Walitoka wakashuka barabara kubwa kwa miguu, polepole, kwa kuwa pikipiki ziliwatisha wote wawili. Mbele ya duka moja la saruji Godelive alisimama akasema kwamba hapa ndipo ilipokuwa sinema ya mapadri, ile ya siku ya posho. Alphonsine alikataa kabisa. Sinema ilikuwa upande ule wa pili, alisema, na mlango wake ulitazama mlima. Godelive alisema hapana, kwa sababu jua la jioni liliingia mlangoni na padri alikuwa akipachika blanketi. Walibishana hapo hapo, katikati ya watu, kila mmoja akinyosha mkono upande wake. Mwishowe wakamwuliza mama aliyekuwa akiuza vocha za simu chini ya mwavuli, mtu mzima, wa miaka arobaini hivi.

Yule mama aliwatazama kwa huruma. Alisema yeye alizaliwa mtaa huu, na hajapata kusikia kwamba palikuwa na sinema.

Wale wawili walishikana mikono ili wavuke barabara, wakaenda upande wa pili kutazama kama kuna alama yoyote ya mlango.